Umeona au umesikia? Uadmini wangu kwenye grupu la kijiji, Tandahimba

Desemba 2018, saa mbili na dakika tano usiku, nilikuwa nafunga duka nahesabu floti ya uwakala, simu ikaanza kutetemeka mfululizo mpaka ikawa inasogea yenyewe juu ya meza. Nikafungua nikakuta kijana mmoja ameandika kwenye grupu letu la kijiji, kwa jina kamili la mtu na la baba yake, kwamba huyu ndo kangomba wetu, kilo alizopeleka ghalani si za shamba lake, wahakiki wakija waanze na yeye. Grupu lilikuwa limejaa watu 256 maana wakati ule WhatsApp haikuruhusu zaidi ya hapo, na humo ndani kuna mtendaji, kuna viongozi wa chama cha msingi, kuna ndugu wa huyo aliyetajwa wako Dar, na kuna mke wake.

Kwa msiotoka huku kusini niwaeleze, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa pembeni, mtu anakuja na kopo au bakuli badala ya mizani, anakukuta una shida, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, anakununulia kwa bei ya kukuonea alafu yeye ndo anakwenda kuuza kwa bei ya mnada. Na jina hilohilo anaitwa mwenyewe anayefanya hiyo biashara. Sasa msimu ule ulikuwa wa moto. Oktoba wakulima wa huku tulikataa bei za minada, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, na ikaja timu ya uhakiki kuangalia kama kilo ulizopeleka zinalingana na mikorosho uliyo nayo. Ikasemwa wazi kwamba kangomba halipwi. Kwa hiyo kumwandika mtu jina lake mbele ya watu 256 ule mwezi, ni sawa na kumshika mkono ukampeleka kwa wahakiki mwenyewe.

Mimi ndo admini, na kwa miaka ile admini alikuwa hana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwingine, huo ulikuja 2022. Ujumbe aliweza kuufuta mwandishi wake tu, na yeye mwenyewe alipewa kama lisaa limoja na dakika chache, zikipita basi, umekaa milele. Ujumbe ulikuwa wa saa moja na dakika arobaini. Nikapiga hesabu hapo hapo dukani, nina kama dakika arobaini.

Nikampigia, inaita haipokelewi. Mara ya pili, ya tatu. Nikachukua boda mpaka kwao, mama yake akaniambia yuko kwenye kibanda cha mpira, nikamfuata huko, nimemkuta mechi inaendelea na simu iko kwenye chaji kwa mwenye kibanda. Nikamtoa nje nikamwambia kaka naomba ule ujumbe uufute sasa hivi, kama una ushahidi twende kwa mwenyekiti asubuhi mimi na wewe. Akagoma. Akaniambia dada, mjomba wangu mpaka leo hajalipwa kwa sababu ya watu kama hawa, wewe unamtetea kwa vile anatolea pesa dukani kwako. Tukabishana, watu wakatoka kuangalia, mzee mmoja akaingilia kati, mwishoni kijana akakubali, akachukua simu, akabonyeza. Ikatoka futa kwangu. Ile ya kufuta kwa wote imeshaondoka.

Nilirudi nyumbani nikakuta skrinshoti imeshazunguka kwenye magrupu mengine matatu.

Yule baba, kumbe kilo zilikuwa nyingi kwa sababu alipeleka kwa jina lake na za mashamba ya wadogo zake wawili ambao hawako kijijini. Alihakikiwa, alisumbuka, akaja kulipwa baada ya wengine. Ila mke wake aliacha kuja kwenye kikoba chetu kwa miezi kadhaa tangu Desemba ile, nilikwenda kumwona mara mbili akanipokea vizuri akanikaribisha uji na bado hakurudi. Mimi hilo ndo lililoniuma kuliko yote, maana wale waliochangia ule mjadala kwa vicheko na stika wengi hata hawakumbuki.

Usiku ule ule nilifanya kosa langu la pili. Nasema la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa la mwaka mmoja nyuma na nitalisimulia, ngoja kwanza nimalize hili. Nikafunga grupu. Ile katikati ya 2018 WhatsApp walikuwa wameleta uwezo wa kufanya admini peke yake ndo aandike, mi nikaona huu ndo mwarobaini. Mimi Mei 2013 nilikuwa naishi Mtwara mjini kipindi cha mgogoro wa gesi, nimeona vipeperushi vinavyosambazwa usiku, nimeona meseji za simu zinavyokwenda nyumba kwa nyumba na kesho yake mji unawaka, watu walikufa, nimejifungia ndani na mtoto mdogo nasikia milio. Toka hapo mimi uvumi unanitia hofu ya kweli kweli. Na watu walikuwa wameshanijaza kwamba kwa ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 admini ndo anabebeshwa kila kinachoandikwa. Basi nikafunga, nikawa naposti matangazo tu, ghala fulani linapokea siku fulani, malipo yametoka kwa AMCOS fulani, yaani chama cha msingi cha ushirika, kesho kuna mkutano. Grupu likawa kimya, safi, hakuna ugomvi. Mwezi wa kwanza nilijisifu moyoni.

Februari nikaenda kwenye msiba, nimekaa na wanawake wenzangu tunachambua mboga, nasikia wanaongea habari ambazo sizijui hata moja. Nani kagombana na nani, nani kalipwa, binti wa nani kaposwa. Nikauliza jamani haya mnayapata wapi, wakatazamana, mmoja akasema dada usikasirike, kuna grupu lingine. Lilikuwa na miezi miwili. Humo watu walikuwa wanaendelea kumsema yule baba kila siku, wameongeza na wengine wanne, na hakuna hata mmoja wa kusema ngoja kwanza. Yaani mimi niliufunga mlango nikidhani nimeuzima moto kumbe nimeuhamishia chumba ambacho sina ufunguo.

Nilifungua grupu kesho yake. Walirudi pole pole, na kuna waliobaki kule kule mpaka leo.

Sasa lile kosa la kwanza. Msimu wa 2017 kuna mzee wetu mmoja, mkulima wa siku nyingi, hajui kuandika vizuri kwenye simu kwa hiyo anatuma voisi, na voisi zake ni ndefu, dakika tano, dakika sita, anaanza na salamu za koo zote. Akawa kila jioni analalamikia jambo moja, kwamba gunia zake zikipimwa kwenye chama zinakuwa na kilo kadhaa, zikifika ghala kuu zinapungua, anaambiwa ni unyaufu, korosho imekauka. Anauliza unyaufu gani huu wa siku tatu. Anarudia, anarudia. Kiongozi mmoja wa chama akanifuata inboksi, lugha yake nzuri kabisa, dada admini huyu mzee anachafua hali ya hewa, anavunja watu moyo, mtoe kwa muda. Na mimi, nasema ukweli, voisi zile zilikuwa zimeshanichosha, watu walikuwa wanalalamika zinamaliza bando. Nikamtoa.

Ukimtoa mtu WhatsApp inaandika pale katikati kila mtu anaona, fulani amemtoa fulani. Jina langu na jina lake, mzee wa umri wa babu yangu.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni dukani kabla sijafungua, kaja kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akakaa kwenye benchi, akanyamaza mpaka mimi ndo nikaanza kujieleza. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema hivi: "Mjukuu wangu, kama maneno yangu yalikuwa mabaya si ungenifuata nyumbani? Kwangu unapajua." Basi. Hakuomba arudishwe. Akanunua vocha ya jero akaondoka.

Suala la unyaufu baadaye lilikuja kusemwa kila mahali huku kusini, kwenye mikutano ya wakulima, kwa viongozi wa wilaya, na watu wazito kuliko mzee wetu. Alikuwa anauliza swali halali, alikuwa anauliza kwa urefu tu. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari nikamwomba radhi na nikamrudisha mwenyewe, na nikaandika kwenye grupu kwamba nilimtoa kimakosa, maana kama nilimtoa hadharani siwezi kumrudisha kwa siri.

Toka pale nikawa na tabia ya kuandika kwenye daftari la dukani kila anayenifuata inboksi kuniomba nimtoe mtu. Nikija kuangalia, karibu wote ni wenye vyeo au wenye pesa, na karibu wote wanaoombewa kutolewa ni watu wa chini yao. Mnyonge akikwazwa hakuombi umtoe mtu, anaondoka yeye. Zamani hata akilefti kila mtu aliona, siku hizi taarifa inawafikia maadmini tu, na mimi kila nikiona mtu kalefti kimya kimya nampigia. Sio kumrudisha, kumuuliza tu kuna nini. Mara nyingi ni bando au simu imeharibika. Mara moja moja kuna jambo, na hilo jambo sijawahi kuliona kwenye grupu hata siku moja, nalipata kwenye simu.

Aprili 2019 ndo nikapata njia ambayo mpaka sasa naitumia. Kimbunga Kenneth. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitangaza kwamba kinakuja pwani yetu, Mtwara na Lindi, watu wa mabondeni na kando ya bahari wakaambiwa wahame, na sisi wa huku juu uwandani tuna watoto wanasoma bweni Mtwara mjini. Siku ya Alhamisi tarehe 25 asubuhi ikaingia voisi, sauti ya mwanaume anahema, anasema maji yameshaingia Shangani, Mikindani yote imezama, mabweni yamebomoka. Grupu likapasuka. Kina mama wanalia kwenye voisi, mmoja ananipigia huku, kidole changu kiko juu ya kile kitufe cha kufunga.

Sikufunga. Nilimkumbuka yule mama wa kikoba na nikakumbuka lile grupu la pili. Nikamuuliza aliyeleta ile voisi, hapo hapo mbele ya watu lakini kwa adabu: kaka, umeona au umesikia? Akajibu nimesikia. Kwa nani? Nimefowadiwa kutoka grupu la Dar. Na huyo wa Dar kaona au kasikia? Kimya. Nikauliza tena, nani humu yuko Mtwara mjini sasa hivi, macho yake yanaona bahari? Dakika mbili tatu hivi, dada mmoja wa kijijini kwetu anayekaanga samaki pale kwenye kivuko cha Msangamkuu akajibu, mi nipo feri, bahari imechafuka, upepo upo, vibanda tumefunga, maji hayajapanda. Akapiga picha akaituma. Mwingine akasema yeye yuko Ligula anaona mvua na mawingu basi. Baba mmoja akampigia matroni wa bweni, akaja kuandika watoto wako salama wameambiwa wakae ndani.

Nilikaa macho na grupu wazi mpaka usiku wa manane. Kila habari iliyoingia watu wenyewe walianza kuulizana, umeona au umesikia, mpaka ikawa siulizi tena mimi. Na aliyesema nimesikia hakutukanwa, aliambiwa tu asante, tunasubiri wa kuona. Hilo ni muhimu sana kwa maoni yangu, maana mtu anayefowadi kwa hofu anakuwa na nia njema ya kuokoa wenzake, ukimdhalilisha siku nyingine ataona kitu cha kweli atanyamaza.

Kimbunga chenyewe kikapiga kaskazini mwa Msumbiji, Cabo Delgado, sisi tukabaki na mvua na upepo. Lakini ng'ambo ya Ruvuma ni ndugu zetu, Wamakonde wenzetu, kuna watu kwenye grupu wana shangazi na wajomba huko, zikaanza kuja habari za Macomia na kisiwa cha Ibo kuharibiwa vibaya, na grupu lile lililotaka kupasuka asubuhi likawa la dua na michango. Ningekuwa nimelifunga hayo yangefanyika wapi.

Baadaye WhatsApp wakaleta ile mishale miwili, ujumbe ukiwa umefowadiwa mara tano au zaidi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine unakuja na mishale miwili juu, na tangu Aprili 2020 huo hauwezi kuupeleka zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Nilikuwa nawafundisha watu wazima pale dukani wakija kutoa pesa, nawaonyesha, bibi ukiona mishale miwili ujue haya maneno yametembea sana, aliyeyatuma kwako si mwenyewe. Wameelewa haraka kuliko nilivyodhani.

Kuna kitu kimoja ambacho sijadiliani na sisubiri, picha za maiti. Oktoba 2020 Kitaya, kijiji cha Mtwara kando ya Ruvuma, ilipovamiwa zilianza kuzunguka picha ambazo sitaki kuzielezea, na nina dada kwenye grupu ndugu zake wako upande ule. Nilimtoa aliyeposti sekunde ile ile, alafu ndo nikampigia kumweleza, akaelewa, nikamrudisha jioni. Hapo nilikwenda kinyume na yote niliyosema juu ya yule mzee na bado naona nilifanya sawa. Mzee alitoa maneno yanayoweza kujibiwa, hata yangekuwa ya uongo tungeyajibu. Picha ya mtu aliyekufa haijibiwi, ukishaiona umeshaiona.

Basi 2022 ukaja ule uwezo wa admini kufuta ujumbe wa mtu yeyote, na grupu likaruhusiwa kuongezeka mpaka watu 512 alafu 1,024 mwaka ule ule. Nikashangilia, nikasema sasa sitapanda tena boda usiku. Wakati huo tulikuwa tumeshakuwa maadmini wanne, mimi, kungwi mmoja wa pale kijijini, kijana wa boda, na mwalimu mmoja aliyehamia kwetu kutoka Nyanda za Juu, mtu mstaarabu sana na anajitolea.

Mwaka uliofuata akafariki bibi mmoja anayeheshimika. Tangazo la msiba likawekwa, pole zikaanza, alafu mzee mmoja akatuma kwamba afadhali umekwenda bibi wewe, mabibo yangu uliyochukua mwaka ule hukunilipa, basi jeneza halitoki mpaka wanao wanilipe, na mimi ndo nitakalia kaburi. Mwalimu alipoona alishtuka, akaufuta ndani ya dakika moja, ikabaki ile alama kwamba umefutwa na admini. Kwa nia safi kabisa, kwao hali ya msiba sijui ikoje lakini aliona mtu anatukana marehemu.

Yule mzee ni mtani wa ule ukoo, watani wa tangu babu zao. Msibani ndo kazi yake hiyo, aseme yasiyosemeka, azuie jeneza, alie uongo, achekeshe wafiwa waliokaa na simanzi siku nzima, na apewe chochote. Dakika kumi hazikuisha napigiwa na mtoto mkubwa wa marehemu, sauti imejaa machozi: "Dada, nani kamnyamazisha mtani wetu? Mama yangu anazikwa kama mtu asiye na watu?"

Ujumbe uliofutwa haurudishwi. Nikamfuata mwalimu kwake nikamweleza, alishika kichwa. Tukaenda wote msibani jioni ile ile. Nilikwenda kwanza kwa wafiwa nikawaambia mwenzetu mgeni hakujua, alafu nikampeleka mbele ya watani wenyewe. Wakamweka chini, wakamvua viatu, wakachukua na ufunguo wa pikipiki, wakamwambia umemziba mdomo mtani, sasa lipa. Akatozwa, akalipa, watani wakaimba, mfiwa mkubwa nikamwona anacheka huku anafuta machozi. Toka siku ile mwalimu ni mtu wa ule ukoo, hakuna shughuli wasimwite.

Mi nilichojifunza pale hakikuwa juu ya mwalimu kwa kweli, kilikuwa juu yangu. Nilijiuliza, kile kitufe cha kufuta kingekuwepo 2018 ningempandia boda yule kijana? Nisingempandia. Ningefuta nikaendelea kuhesabu floti, na hasira yake juu ya malipo ya mjomba wake nisingeisikia kamwe, na ningelala nikidhani nimemaliza kazi. Kwa hiyo tukakubaliana maadmini wote wanne, ukifuta cha mtu unampigia siku hiyo hiyo, na kama yuko kijijini unamfuata. Hujaweza kumfuata, usifute, labda kiwe kile cha maiti au cha mtoto. Ni kazi, sikatai. Kuna wiki za mnada natembea nyumba tatu nne, na duka nimemwachia mtoto.

Jambo la unyago nalipita haraka maana si la kuandikwa hapa. Kipindi cha likizo binti mmoja aliposti video ambayo haikupaswa kutoka kule ilikorekodiwa. Sikusema neno, nilimwachia kungwi. Akaondoa ile video, akavaa kanga akaenda kwa mama wa binti, akakaa huko mpaka jioni. Waliyozungumza sijui na sijauliza. Mimi ningekwenda ningeharibu, hata kama naijua sheria ya grupu kuliko yeye.

Linalonisumbua mpaka leo ni kangomba, lakini kwa upande mwingine sasa. Kuna kaka kwenye grupu, mtoto wa pale pale, kila mikorosho ikianza kutoa maua anaandika hivi: mwenye uhitaji wa haraka aje inboksi, pesa taslimu. Hasemi korosho, kila mtu anajua. Ananunua shamba likiwa bado maua. Wapo wanaosema mtoe, anatuuza. Wapo wanaosema acheni, huyo ndo aliyetoa hela usiku mke wangu alipopelekwa wilayani kujifungua, nyie mlikuwa wapi. Nimefuta tangazo lake mara kadhaa, kila nikifuta nampigia, ananijibu kwa heshima, sawa dada, na mwakani anaandika tena. Nimekwenda kwake. Amenionyesha daftari lake na amefunika majina kwa kiganja, kurasa zimejaa. Aliniambia dada hata ukinitoa hawa wana namba yangu.

Mwaka jana Septemba saa nne usiku nikapata meseji kutoka kwa mama mmoja mjane, hatujawahi kuandikiana hata siku moja: dada naomba samahani, nimeshamuuzia, ilikuwa ada ya mtoto, naomba usinitaje kwenye grupu. Nikaisoma mara tatu. Kumbe miaka yote hii nafuta tangazo na yeye analisoma kabla sijalifuta, na ananiogopa mimi kuliko anavyomwogopa anayemnunua.

Asubuhi nilikwenda. Tulikaa chini ya mkorosho wake mkubwa ule wa mbele ya nyumba, akanihesabia, mikorosho thelathini na saba ameshaiuza kwa mdomo, kumi na miwili imebaki. Nikamwambia sitakutaja popote, na msimu ujao ukibanwa anza na mimi, usiku au mchana, tutaangalia kwenye kikoba, na kikoba kikikosa tutaangalia pengine. Akaitikia haya dada.

Mwaka huu mikorosho imeshaanza kutoa maua. Yule kaka bado hajaandika, na yule mama bado hajapiga. Keshokutwa nina safari ya upande wa kwake kupeleka vocha, nitapita.